Arthur Holmes na mawe ya Uluguru

Ukisimama chini ya milima ya Uluguru, mahali ambapo kina mama huketi wakiponda kokoto, utaona mawe yenye mistari myeusi na myeupe iliyojikunja kama kanga iliyokamuliwa. Mawe hayo ni ya Ukanda wa Msumbiji, ukanda mrefu wa miamba unaopita Tanzania na Kenya kuelekea Ethiopia, na ndimo inamochimbwa tanzanaiti ya Mererani. Aliyeupa ukanda huo jina, katika andiko la mwaka 1951, ni mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes, na naona kwamba sisi wa upande huu tuna sababu zetu wenyewe za kumuenzi.

Alifika Msumbiji mwaka 1911, kijana wa miaka 21, akiwa ameajiriwa kutafuta madini. Madini ya maana hakuyapata. Alipata malaria kali hata ikapelekwa kwao simu ya maandishi kwamba amefariki. Mwingine angeapa kutoitazama tena ramani ya huko.

Mwanasayansi Mjerumani Alfred Wegener alikuwa amesema kwamba mabara husogea, ila nguvu inayoyasogeza hakuweza kuieleza. Holmes, ambaye kazi yake ilikuwa kupima umri wa miamba kwa kuangalia metali ya urani iliyomo ndani yake inavyogeuka kuwa metali ya risasi, alijua kwamba ugeukaji huo hutoa joto. Basi katika andiko lililochapishwa Glasgow mwaka 1931 akaeleza kwamba joto hilo huifanya miamba ya ndani ya dunia ipande, itandae na kuzama tena, polepole mno, huku ikiyakokota mabara. Kinachonivutia zaidi ni kwamba yeye mwenyewe aliwaonya wasomaji kuwa hizo ni dhana tu, zisizo na uzito wa kisayansi mpaka ushahidi mwingine uziunge mkono.

Kuhusu ulezi wa wanafunzi, wengi humtaja Kingsley Dunham, mpiga kinanda aliyeingia Chuo Kikuu cha Durham, alikofundisha Holmes, kusoma kemia, akavutwa na Holmes kwenye jiolojia na baadaye akaongoza taasisi ya jiolojia ya Uingereza. Mimi nakitanguliza kitabu cha kiada cha Holmes cha mwaka 1944, kwa kuwa kiliwafundisha hata wale wasiowahi kumwona, na kiliwafikisha kwenye suala la kusogea kwa mabara wakati maprofesa wengi bado walilicheka.

Holmes alifariki mwaka 1965. Wanajiolojia wa Ulaya hutoa medali yenye jina lake. Kwetu, ningetosheka mwalimu akilitaja pale Uluguru, wanafunzi wakiwa na nyundo mkononi, kabla jiwe halijapasuliwa.