S ya Kusengenyea

Leo binti yangu karudi na daftari limetapakaa wino mwekundu, utadhani limetoka vitani. Na ile kazi ya Kiingereza niliifanya mimi! Jana usiku, miwani puani, nikamwambia, "Lete hapa. Hicho kitenzi cha kawaida tu, hakina hila."

Kitenzi chenyewe "walk". I walk, you walk, we walk, they walk. Hiyo "you" ni ile ile, useme na mmoja au uhutubie uwanja mzima. Nikaona raha. Sisi ni ninatembea, unatembea, anatembea, tunatembea, mnatembea, wanatembea, kila mtu na kichwa chake. Nikaandika kwa mwandiko wa kujidai: My father walk.

"Baba, hapo kuna S."

"S ya nini? Baba ni mmoja. S ni ya wingi. Dog, dogs. Hamfundishwi?"

"Hiyo ya nomino. Kwenye kitenzi S ni ya mmoja. The dog walks. The dogs walk."

Jamani! Kumbe ni ndugu wawili na gauni moja, akitoka huyu, yule anabaki ndani.

"Lakini baba ni mimi," nikamwambia, "na mimi natembea bila S."

"Ukijisema mwenyewe, sawa. Nikisema na wewe, sawa. Nikikusema kwa watu, ndiyo unapata S."

Ahaa! Kwa hiyo ni S ya kusengenyea. Nimekaa kiti kile kile, miguu ile ile, lakini nikipewa kisogo tu, naoteshwa mkia.

Basi nikajikaza, nikauliza kisomi: Does my father walks?

"Baba, S imeshachukuliwa na 'does'."

Imechukuliwa! Na ukiweka "can", haitakiwi kabisa. "Carry" ikipata S inafukuza Y yake, inakuwa "carries", ila "play" Y yake haiguswi kwa kuwa imekaa na A. "Watch" inataka ES. "Plays" imeandikwa S, inasomwa Z. Na hiki ndicho kitenzi cha kawaida, eti, kisicho na matata!

Kazini niliwahi kusema "he know", wakacheka mpaka mlinzi. Walikuwa wamenielewa, lakini wakacheka.

Na Waingereza wenyewe zamani walikuwa na makubwa zaidi. Biblia yao ya 1611 imejaa "walketh", ndiyo "walks" ya enzi hizo, na ukisema na mmoja ni "thou walkest". Wakachoka, wakazitupa zote mbili. Sasa mtu unafagia nyumba nzima, unaacha kijitaka kimoja mlangoni, cha nini? Si wangemalizia tu!

Halafu huo wino mwekundu mwalimu anautoa wapi? Kalamu yangu ya bluu imekauka kwa kukosa kifuniko. Humu ndani kuna mtu anaficha vifuniko vya kalamu, namjua, ila sitamsema. Nikimsema itabidi nimtilie S.