Jiwe "jipya" la Homa Hills

Mwezi jana tulipanda Homa Hills, vilima vya volkano ya kale kando ya Ziwa Victoria, na kijana aliyetutembeza akaokota kipande cha jiwe la kijivu, akasema, "Hili limetoka tumboni mwa dunia, jipya kabisa, halijawahi kuona jua." Tukapiga picha. Mimi nilirudi Kisumu na neno kooni.

Huo upya ndio ninaoupinga. Chini ya bahari kuna ganda la basalti, lava iliyoganda, lenye unene wa kilomita 7 hivi. Kwenye mitaro ya kina kirefu baharini, kama ya Japani na Tonga, ganda hilo huzama, likabanwa hadi likawa eklojaiti, jiwe zito kuliko majirani zake, nalo likazidi kushuka ndani ya mantili, lile tabaka nene la mwamba lililo chini ya ganda. Mwaka 1982 wanajiokemia Albrecht Hofmann na William White walieleza kwamba ganda kuukuu la aina hiyo ndilo linaloibuka tena, baada ya miaka bilioni moja au mbili, katika lava ya visiwa kama Hawaii.

Utalitambuaje, na limeshayeyuka? Pale soko la Kibuye kuna fundi anayeyeyusha vyuma chakavu vya alumini apate sufuria. Aliniambia ukitia pistoni nyingi, sufuria inakuwa ngumu lakini ikianguka inapasuka. "Ilikuwa gari, bro, bado ina tabia za gari."

Tabia za ganda ziko kwenye risasi, ile metali nzito na laini. Likizama hukamuliwa maji, na maji huondoka na risasi nyingi kuliko urani, metali yenye mionzi. Urani iliyobaki huoza polepole ikazaa risasi ya aina yake, na hiyo ndiyo inayopimwa. Lava ya Mangaia, kisiwa cha volkano katika Pasifiki, imejaa alama hiyo. Tena mwaka 2013 watafiti walikuta humo salfa yenye alama ya hewa isiyo na oksijeni, hewa iliyotoweka yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita. Yaani lava ile imebeba kitu kilichowahi kuwa juu, chini ya jua lile lile!

Kabonatiti za Afrika Mashariki, yaani mawe ya volkano yaliyojaa kaboneti kama lile la Homa Hills, vipimo vyake hujipanga baina ya aina mbili za mantili, na mojawapo ni hii ya Mangaia. Wapo wanaobisha, wanasema chanzo ni mizizi ya bara lenyewe. Sawa, lakini hata mizizi hiyo si mipya.

Kipande changu kiko dirishani. Nikikidondoshea ndimu kinatoa povu, na mtoto wa dada yangu huita wenzake waje waone. Juzi akaniuliza, "Mjomba, hili jiwe lina miaka mingapi?"

Nikamuuliza: ya sufuria au ya pistoni?