Diski ijue kuwaka yenyewe: UEFI na mashine zetu za Bukavu

Mashine nyingi zinazouzwa Bukavu, iwe Kadutu au Ibanda, zimeshatumika Ulaya kabla ya kufika hapa. Mazabodi (bodi kuu ya mashine) ikifa, diski inachomolewa na kutiwa kwenye mashine nyingine. Betri ya laptop ikichoka, mwenyewe anaendelea kufanyia kazi kwenye waya wa ukutani tu, na umeme ukikatika mashine inazimika palepale. Kwa hali hiyo nina msimamo mmoja: fundi anayesakinisha Linux na kuacha njia ya kuwaka ikiwa imeandikwa kwenye mazabodi peke yake, bado hajamaliza kazi.

Enzi ya BIOS, programu ya zamani ya kuwashia mashine, diski ilibeba kila kitu. Mashine ilisoma sekta ya kwanza, baiti 512, ambamo msimbo wa kuwashia ulikuwa na nafasi ya baiti 446, ikaanza kuutekeleza bila kuuliza. UEFI, iliyochukua nafasi yake, inakwenda vingine. Kwenye diski kuna patisheni ndogo ya FAT32, iitwayo ESP, na butiloda (programu inayoanzisha mfumo) ni faili la kawaida ndani yake, lenye mwisho wa .efi. Ila anwani ya faili hilo huhifadhiwa kwenye chipu ya mazabodi. Amri `efibootmgr -v` itakuonyesha kitu kama hiki:

BootOrder: 0000,2001
Boot0000* debian HD(1,GPT,...)/File(\EFI\debian\shimx64.efi)

Mstari wa Boot0000 haumo kwenye diski. Ukihamisha diski, mstari unabaki kwenye mazabodi iliyokufa. Mashine ya pili inawashwa, inaandika kwamba haioni cha kuwasha, na mwenye diski anaambiwa imeungua, anunue nyingine. Kumbe data zote zipo, pamoja na TFC (kazi ya kumalizia masomo) ambayo mwanafunzi ameiandika mwaka mzima. Hasara hiyo inaniuma kwa sababu kuizuia ni kazi ya dakika mbili.

UEFI ina mlango wa akiba. Fimwea, yaani programu iliyomo kwenye mazabodi, isipopata anwani inayofaa, hutafuta faili `\EFI\BOOT\BOOTX64.EFI` kwenye ESP. Ndiyo maana flashi ya kusakinishia inawaka kwenye mashine ambayo haijawahi kuiona. Diski ya ndani nayo inaweza kupita mlango huohuo, mradi faili liwepo. Kwenye Debian, endesha `dpkg-reconfigure grub-efi-amd64`, na likija swali la kuongeza nakala ya GRUB (butiloda ya Linux) kwenye njia ya vifaa vya kuchomoa, jibu ndiyo. Naipendelea njia hii kuliko kunakili kwa mkono, maana jibu linahifadhiwa, na kila GRUB inaposasishwa nakala ya akiba inasasishwa pia.

Wanaonakili kwa mkono hukosea mahali pamoja. Wanachukua `grubx64.efi`, wanaibadilisha jina kuwa BOOTX64.EFI, kisha Secure Boot, kinga inayokubali tu faili lenye saini inayotambulika, inaikataa. Fimwea haijui saini ya Debian. Inajua ya Microsoft, na faili lenye saini hiyo ni `shimx64.efi`. Shim, programu ndogo inayoita GRUB, ndiyo inayopaswa kuitwa BOOTX64.EFI, na `grubx64.efi` ikae kando yake kwenye folda ileile, kwa sababu shim huitafuta hapo. Tena usifute folda ya `EFI/debian`: GRUB yenye saini husoma mipangilio yake kutoka humo.

Kiti cha akiba ni kimoja tu. Kwenye mashine yenye Windows na Linux pamoja, amri ya kukarabati Windows, `bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI`, nayo huweka faili lake kwenye njia hiyo. Aliyeandika mwisho ndiye anayekikalia, basi baada ya kukarabati Windows rudia hatua ya Debian.

Siafiki kabisa desturi ya kukimbilia Legacy (kuwaka kwa mtindo wa BIOS) kila flashi inapokataa kuwaka. Windows iliyosakinishwa kwenye diski ya GPT (mpangilio mpya wa patisheni; wa zamani ni MBR) haiwaki kwa Legacy, kwa hiyo umetatua tatizo lako na kumwachia mteja lake. Halafu Intel ilitangaza tangu 2017 kwamba itaiondoa Legacy kwenye majukwaa yake. Mara nyingi kosa liko kwenye flashi iliyotengenezwa kwa MBR na BIOS. Itengeneze upya kwa GPT na UEFI. Ukishaingia kwenye Linux ya flashi, andika `ls /sys/firmware/efi`. Folda isipokuwepo, umewaka kwa Legacy, na GRUB utakayoiweka itafuata njia hiyohiyo mbovu.

Ukarabati wenyewe, tuseme ESP ni sda1 na mfumo uko sda2 (hakikisha kwanza kwa `lsblk -f`), ni huu:

mount /dev/sda2 /mnt
mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys run; do mount --rbind /$d /mnt/$d; done
chroot /mnt
grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --force-extra-removable
update-grub

Kama umeme ulikatika katikati ya sasisho, kabla ya ku-mount ESP pitisha `fsck.vfat -a /dev/sda1`. FAT haina jarida la kumbukumbu kama ext4, hivyo uandishi uliokatizwa unaweza kuacha faili nusu. Laptop isiyo na betri isisasishiwe butiloda, sembuse fimwea, bila UPS.

Mara nyingine GRUB inawaka lakini inakuachia `grub>` tupu, maana yake haikupata mipangilio. Kinachohitajika ni mstari mmoja:

configfile (hd0,gpt2)/boot/grub/grub.cfg

Hapa ndipo wengi wetu tunakwama, kwa sababu ya kibodi. Tunatumia AZERTY, kibodi ya Kifaransa, ilhali GRUB kwa kawaida inasoma vitufe kama QWERTY ya Marekani. Neno configfile halina herufi inayohama, lakini alama zinahama. Mabano ya kufungua ni Shift na kitufe cha ç, ya kufunga ni Shift na à. Mkato uko kwenye kitufe cha nukta-mkato, nukta iko kwenye kile cha nukta mbili. Tarakimu zinabonyezwa bila Shift. Mkwaju ndio unaochanganya zaidi: kwenye kibodi ya Ufaransa ni kitufe cha alama ya mshangao, cha mwisho safu ya chini; kwenye ya Ubelgiji, mahali hapohapo kumeandikwa =. Na kama unahitaji herufi a, bonyeza q. Kikaratasi chenye maelezo haya kibandikwe juu ya meza ya kila fundi.

Betri ndogo ya CR2032 nayo isisahaulike. Kwa mazabodi nyingi, mistari ya kuwaka iko kwenye chipu isiyohitaji betri. Lakini betri ikiisha, saa inarudi nyuma miaka, `apt` (kisakinishi cha programu cha Debian) inakataa hazina kwa madai kwamba tarehe yake haijafika, na mipangilio kama hali ya SATA inaweza kurudi ya kiwandani. Betri mpya hupima volti 3 au zaidi kidogo.

Kabla ya kugusa Secure Boot kwenye mashine yenye Windows, uliza kama diski imefungwa na BitLocker (kufuli la diski la Windows), na upate ufunguo wake wa tarakimu 48 mkononi. Kuizima Secure Boot kunaweza kuamsha dai la ufunguo huo, na asiye nao anaweza kupoteza data. Kuna pia suala la vyeti: cheti cha Microsoft cha 2011 kinachosaini shim kinafika mwisho Juni 2026, na nafasi yake inachukuliwa na cha 2023. Shim za zamani hazizimiki siku hiyo, kwa kuwa fimwea kwa kawaida haiangalii tarehe. Shida ni shim mpya yenye saini ya 2023 pekee, ikikutana na mashine ya zamani ambayo haijapokea cheti hicho. Mashine ambayo mtengenezaji wake bado anatoa fimwea, isasishe mapema.

Kabla ya kumrudishia mteja mashine, futa anwani kwa makusudi: `efibootmgr -b 0000 -B`, ukiweka namba ya mstari wako. Izime kabisa, iwashe tena. Ikifika kwenye menyu ya GRUB, mlango wa akiba unafanya kazi, na `grub-install` itaurudisha mstari ulioufuta. Ikikwama, afadhali ikwame mezani kwako, flashi ikiwa karibu.