Utafiti upo bure, kocha wa Kisumu hana dakika 20

FIFA ina mpango wa kupasha mwili unaoitwa 11+. Ni mazoezi 15, huchukua kama dakika 20, na hauhitaji zaidi ya mpira na koni chache. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa mpango huo uliofanywa kwa wasichana wanasoka wa Norway: majeraha yalipungua kwa takriban theluthi moja. Ripoti hiyo husomwa bila malipo na yeyote mwenye bando. Ila pita kwenye uwanja wa shule Kisumu saa kumi jioni, utakuta vijana wanazunguka uwanja mara mbili, wanajinyoosha kidogo, kisha mpira unawekwa kati.

Wapo wanaosema makocha ni wakaidi. Nadhani wanawaonea. Mwalimu anayefundisha soka baada ya vipindi ana saa moja hivi kabla giza halijaingia, uwanja anaugawana na timu nyingine, na baadhi ya wachezaji wanatembea mbali kurudi nyumbani. Dakika 20 ni theluthi ya muda wake wote. Tena mkuu wa shule humuuliza kuhusu kombe. Magoti hayaulizwi.

Hata zoezi lenyewe lina mitego yake. Chukua lile la misuli ya nyuma ya paja: mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamkandamiza vifundo vya miguu, naye anainama mbele polepole akiwa amenyooka, mpaka uzito unamshinda na kuangukia mikono. Kwenye nyasi, sawa. Kwenye murram, udongo mgumu wa changarawe, bila sweta iliyokunjwa chini ya magoti, kijana atakataa kufikia mara ya tatu, na kocha atahitimisha kwamba mambo haya ni ya Wazungu.

Hoja hiyo ya Wazungu haina nguvu sana. Mpango huohuo ulijaribiwa kwa vijana wa Lagos, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha majeraha kupungua kwa asilimia 41. Kinachobaki ni suala la imani, na hapo naelewa manung'uniko. Tangu mtafiti Bengt Saltin wa Sweden alipokuja mwaka 1990 kulinganisha wakimbiaji wetu na wa kwao, wanariadha wa Bonde la Ufa wamepimwa pumzi, damu na misuli na wageni wengi. Majibu yalichapishwa, ndiyo, lakini kwenye majarida ya kitaalamu ambayo kocha wa kijijini hayaoni. Mtu aliyezoea kupimwa tu hawezi kulaumiwa akisita anapoletewa ushauri.

Wenye utafiti nao wanaweza kulegeza kamba. Huko Australia sehemu ya pili ya mpango, ile ya nguvu na usawa wa mwili, ilihamishiwa mwisho wa mazoezi. Wachezaji waliifuata vizuri zaidi na mzigo wa majeraha, yaani siku ambazo wachezaji hukosa kucheza, ukapungua. Kwa kocha mwenye saa moja, ningeanza na toleo hilo.

Shida kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba jeraha lililozuiwa halionekani. Kocha hawezi kuliona goti ambalo halikuumia. Nahodha akiandika kwenye daftari nani kaumia, lini na wapi mwilini, baada ya msimu mmoja au miwili mwalimu atakuwa na hesabu yake mwenyewe, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno watapata takwimu za Kisumu badala ya kutegemea za Lagos.