Runx iliyolala na mteremko wa Kyela

Jumamosi iliyopita, kwenye gereji moja ya Mwanjelwa, Mbeya, nilimkuta fundi ana grenda mkononi anakata springi za nyuma za Toyota Runx. Gari liko juu ya jeki, rimu za inchi 17 zimeegemezwa ukutani zikiwa na tairi zake, na kijana mwenye gari amechuchumaa pembeni akielekeza: koili moja na nusu, kila upande. Anataka gari lilale, yaani likae chini karibu na barabara. Mzee mmoja aliyeleta pikapu kumwaga oili akatikisa kichwa, "Hawa watoto wanaharibu magari tu."

Kauli ile haijanitoka kichwani. Kuhusu springi, mzee alisema kweli. Kuhusu vijana hawa wanaobadilisha magari yao, aliwaonea.

Runx zilitengenezwa Japani kati ya 2001 na 2006, kwa hiyo hata ile changa kabisa inayopanda Mlima Nyoka leo ina takriban miaka 20. Bushi zimechoka, mipira ya maji imekakamaa. Wengi wetu husubiri gari lizime njiani ndipo tutafute fundi. Vijana hawa sivyo walivyo. Injini wanaijua kwa jina lake, 1NZ au 2ZZ, oili hawaipitilizi kilomita, na wakifungua plagi wanaisoma rangi kwanza kabla ya kuirudisha.

Chukua thamostati. Ni kifaa kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Mafundi wengi hukitoa na kukitupa, eti nchi yetu ina joto. Sasa njoo Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, asubuhi ya Julai watu wamevaa sweta mbili mbili. Injini isiyo na thamostati inafika kazini bado ya baridi, imekunywa mafuta bure, na ukiwasha hita inapuliza upepo wa baridi. Mimi nilirudishiwa thamostati ya Vitz yangu kwa ushauri wa hao hao wanaoitwa watoto. Mafundi watatu wakubwa kwa umri walikuwa wameshaniambia haina kazi.

Lakini upande wa mzee nao una hoja, tena nzito, na inaanzia kwenye pesa inakokwenda. Cha kwanza kufungwa karibu kila mara ni egzosi ya mlio. Huku juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza kiasi cha asilimia 15 ya nguvu. Vitz RS ya 1.5 iliyotoka kiwandani na nguvu farasi 109, hapa Uyole inabaki na tisini na kidogo. Bomba pana halirudishi hewa iliyopungua. Golf GTI au Impreza yenye tabo huikandamiza hewa kabla ya kuiingiza kwenye injini, ndiyo maana haiteseki sana kwenye kilima cha kwenda Chunya. Wengine hukata na masega ya egzosi, yale yanayosafisha moshi. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi wanaibandika selotepu nyeusi. Siku injini ikiugua kweli, hakuna tena taa ya kumwambia dereva.

Kinachoniuma hasa ni breki. Kutoka Tukuyu mpaka Kyela barabara inashuka zaidi ya mita 1,000. Gari la kilo 1,100 likishuka kimo hicho, nguvu inayotakiwa kuzuiwa, kama yote ingeachiwa breki, ingetosha kuchemsha ndoo moja na nusu ya maji, ndoo ya lita 20. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke ukiukanyagia unabonyea tu.

Hilo nalijua kwa mguu wangu. Mwaka wa kwanza wa kuwa na gari nilifunga rimu kubwa bila kugusa breki, nikashuka Kyela na abiria watatu. Harufu ilitangulia, kama kitambaa kinachoungua. Halafu kanyagio likawa laini, likazama karibu kufika sakafuni. Nilirudisha gia ya pili, injini ikapiga kelele, nikavuta handibreki taratibu mpaka gari likasimama kando ya migomba. Hakuna aliyesema neno. Kesho yake fundi alipomwaga mafuta ya breki, yalitoka meusi kama kahawa.

Springi iliyokatwa inaongeza tatizo juu ya tatizo. Inakuwa ngumu kuliko mwanzo, lakini shokapu inabaki ile ile ya gari lililo juu, kwa hiyo inagonga mwisho kwenye kila tuta, na barabara kuu ya Mbeya kwenda Tunduma matuta hayahesabiki. Tairi nalo linaanza kusugua matao. Anayetaka gari lilale anunue springi fupi pamoja na shokapu zake, hata za mtumba, baada ya pedi za uhakika, mafuta ya breki ya DOT 4 na tairi ambazo hazijazeeka. Hapo mimi nitakuwa wa kwanza kulisifia.

Kelele za usiku wa manane mitaani siwatetei. Watu wamelala.

Pale gerejini nilimwomba yule kijana asome tarakimu nne zilizopigwa ubavuni mwa tairi zake. Hakuwa anajua maana yake. Alifuta vumbi kwa kidole gumba: 1412. Nikamweleza, wiki ya 14 ya mwaka 2012. Akayaangalia yale matairi, akaangalia rimu zinavyong'aa, akamwambia fundi azime grenda kwanza. Springi ya kushoto ilikuwa imeshakatwa.