Dar ni Mji wa Wageni, Acheni Tuupende

Wenyeji wa Dar wana tabia moja inayonikera: ukisema umeupenda mji wao, wanakucheka. "Subiri uhamie, ndipo utakoma." Mimi ni mtu wa Iringa, nimezoea sweta, na likizo ya Desemba nilikuwa kwa dada yangu Tandika. Nimeipenda Dar na sioni sababu ya kuomba radhi.

Joto nimelipata. Foleni nimeionja. Najua pia kwamba mvua kubwa zikinyesha, mto Msimbazi hufurika, barabara ya Jangwani hufungwa, na mtu wa Magomeni anabaki kuitazama Kariakoo kwa macho tu. Shida hizo anazibeba mwenyeji, si mimi wa likizo, nakubali. Ila kupenda mji ni jambo moja, kuhamia ni jingine.

Kinachonishangaza ni jinsi wenyeji wanavyotutembeza. Shemeji alianza kunipeleka kwenye maduka ya Mlimani City, tukazunguka kwenye kiyoyozi, nikanunua soksi, tukarudi. Ndiyo Dar hiyo? Kesho yake nikapanda daladala mwenyewe, konda akatusukuma na ule wimbo wao, "sogea nyuma, nyuma kweupe," (nyuma hakukuwa na pa kuweka hata mguu), nikashukia Feri.

Mtu asiyefika soko la samaki la Feri asubuhi asiniambie habari za Dar. Dalali anamwaga fungu la changu mezani na kuanza kuita bei, haraka hadi namba zinagandana. Kinamama wakaanga samaki wamemzunguka na ndoo zao. Mmoja alikuwa akipandisha bei kwa kuinua kidole kimoja tu, macho ameyapeleka baharini, samaki wala hawamhusu! Fungu likamwangukia. Akageuka, akanikuta nimezubaa njiani.

"Dada, kama hununui, pisha watu wafanye kazi."

Hakuniuliza natoka wapi, wala hakuna mwingine aliyeniuliza. Kwetu huwezi kununua fungu la nyanya kabla hujaeleza wewe ni mtoto wa nani na mama anaendeleaje. Nawapenda watu wa kwetu kwa hilo, lakini ipo raha ya kuzunguka mji mzima bila kuwa mtoto wa mtu. Raha hiyo ndiyo niliyoipenda Dar, kuliko hata bahari.

Na nadhani inatokana na kwamba karibu kila mtu pale ana kwao kwingine. Palikuwa kijiji cha wavuvi, Mzizima, hadi Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga miaka ya 1860. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao yao hapo kutoka Bagamoyo. Mwaka 1973 ikaamuliwa makao makuu ya nchi yaende Dodoma, na wizara zilikuja kuhama kweli, lakini watu hawakuzifuata: sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3 mkoani Dar. Wengi wao walishuka kwenye basi na begi kama langu. Anayenicheka leo, ama yeye ama baba yake aliwahi kuzubaa njiani kama mimi.

Kwa hiyo, ndugu mwenyeji, mgeni wako akishuka Stendi ya Magufuli pale Mbezi, mpe chai, mpe nauli, mwelekeze kituo, kisha mwache. Avuke na pantoni kwenda Kigamboni ingawa daraja lipo tangu 2016, abanwe na baiskeli na matenga ya watu, apigwe upepo. Mihogo ya ufukwe wa Coco ataifikia tu jioni, hiyo haihitaji mwongozaji.

Shemeji bado anashikilia kwamba nimeona samaki tu, Dar sijaiona. Tumekubaliana likizo ijayo twende kisiwani Mbudya, na boti analipa yeye.