Maelezo ya msaada ni kazi ya mwenye mradi

Mtu akipakua msimbo wa mradi asioujua, swali lake la kwanza ni moja: niandike amri gani nipate programu inayofanya kazi? Miradi mingi haimjibu. Akiandika `make --help` analetewa swichi za Make yenyewe, yaani zana inayojenga programu kutoka kwenye msimbo: `-j` ya kuendesha kazi kadhaa kwa pamoja, `-n` ya kuonyesha amri bila kuzitekeleza, `-k` ya kuendelea hata kosa likitokea. Yote ni kweli, ila hakuna neno hata moja kuhusu mradi alioupakua. Stuart Feldman alipoiandika Make kule Bell Labs mwaka 1976, hangeweza kujua mradi wako unahitaji nini. Anayejua ni wewe uliyeandika Makefile, faili la maagizo kwa Make, na kwa maoni yangu kazi yako haijaisha mpaka umwambie na mwenzako.

Waliotengeneza SCons, zana nyingine ya kujenga programu, walilifikiria hili mapema. Ndani ya faili lake la maagizo, SConstruct, unaandika hivi:

```
Help("""
scons             hujenga programu nzima
scons majaribio   hujenga, kisha huendesha majaribio
scons debug=1     hujenga toleo la kutafutia makosa
""")
```

Mtumiaji akiandika `scons -h` anayaona maneno hayo, na hakuna kinachojengwa. Akitaka swichi za SCons yenyewe, ziko kwenye `-H`. Usipoandika chochote, `-h` nayo inaangukia kwenye orodha ileile ya jumla. Na kwa kuwa SConstruct huandikwa kwa lugha ya Python, mistari ya Windows unaweza kumwonyesha mtu wa Windows peke yake. Vigezo ulivyovitangaza kwa `Variables` vina `GenerateHelpText`, inayotoa maelezo ya kila kigezo, thamani yake ya kawaida na thamani iliyopo sasa.

Hiyo ya mwisho naipenda kuliko zote, kwa sababu maelezo yanakaa palepale kigezo kinapotangazwa. README, faili la maelezo ya mradi, huachwa nyuma: amri inabadilishwa jina, README inabaki na jina la zamani, na mgeni ndiye anayeumia. Kwenye Make hakuna kitu kama hicho, kwa hiyo watu wamejitungia mtindo wa kuandika maelezo baada ya `##` kwenye mstari wa shabaha (jina la kazi unayoiagiza Make), kisha shabaha ya `help` inayaokota kwa grep na awk, zana za kuchambua maandishi. Mtindo huo unatosha kabisa. Rake, zana ya aina hiyo kwa lugha ya Ruby, inakaza zaidi: kazi isiyo na `desc`, yaani maelezo yake, haionekani ukiandika `rake -T`.

Lakini kuwa na maelezo ni jambo moja, na maelezo kusaidia ni jingine. "clean: husafisha" haimsaidii mtu. Tazama kernel, yaani kiini cha mfumo wa Linux, ambako `make help` inatofautisha `clean` na `mrproper`. Ya kwanza inafuta mafaili mengi yaliyotengenezwa lakini inaacha mipangilio yako. Ya pili inafuta hata `.config`, faili la mipangilio hiyo. Aliyepitia menuconfig, menyu ya kuipanga, chaguo kwa chaguo mpaka akaridhika, mstari huo mmoja unamwokolea jioni nzima. Andika kitakachofutwa. Andika kama amri inahitaji intaneti, kama inachukua muda mrefu, kama inagusa hifadhidata. Na kama timu yako inaongea Kiswahili kutwa nzima, yaandike kwa Kiswahili. Hakuna mfumo kati ya hii utakaokukatalia.

Wapo wanaoiweka `help` iwe shabaha ya kwanza kwenye Makefile, ili anayeandika `make` tupu apate maelezo. Nia yao ni njema, lakini sikubaliani nao. Kanuni za GNU, mradi wa programu huria, zinataka `make` tupu ijenge programu nzima, na zana za kufungasha programu za mfumo wa Debian huiita hivyohivyo bila kutaja shabaha. Ukiiweka `help` mbele, zana hizo zitachapishiwa maelezo, zitaambiwa kazi imekwenda sawa, na kosa litajitokeza baadaye kwenye kusakinisha, mbali na chanzo chake. Acha `make` ijenge, halafu mwishoni ichapishe mstari mmoja tu: "Andika make help kuona amri nyingine."